Watatu wa Namba Kumi na Saba

Inspekta alizipanga fomu tatu juu ya meza, moja ubavuni mwa nyingine, akazinyoosha pembe kwa kidole gumba. Kituoni walimwita Kobe, na jina lenyewe hakulichukia. Vijana wakimaliza kesi tatu, yeye bado yuko ukurasa wa pili wa ile ya kwanza. Lakini faili lake hakimu hakuwahi kulirudisha hata siku moja.

"Rudia tena, Daktari," alisema. "Taratibu, kama unamweleza mtoto wa darasa la nne."

Mtu aliyekaa mbele yake hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa mchumi, na udaktari wake aliupata kwa kuhesabu watu wenye kazi na wasio na kazi. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono, na mkoba wake aliuweka magotini badala ya sakafuni.

"Miaka miwili iliyopita ulianza mpango wa ajira," alisema. "Mwajiri akiandikisha mfanyakazi mpya, anapunguziwa kodi kwa kichwa cha yule mfanyakazi. Mimi nimepewa kazi ya kupima kama mpango umeleta ajira au haukuleta. Kiwanda cha kushona sare za shule, pale nyuma ya stesheni, kilikuwa na wafanyakazi arobaini na mmoja. Leo daftari lao lina mia moja ishirini na tatu. Mara tatu kamili, Inspekta! Kesho saa nne asubuhi nasimama mbele ya kamati, nawaambia mpango usambazwe kila mahali."

"Hongera. Sasa huyu mama kakosea wapi?"

Daktari alishusha pumzi. "Mama Pacha ni mdadisi wangu. Anapita nyumba kwa nyumba na fomu, anauliza, anaandika. Miaka sita nimefanya naye kazi. Safari hii ameleta fomu thelathini na sita za wafanyakazi wa kiwanda kile, na kompyuta imezikataa zote. Fomu inauliza namba ya kazi, ile iliyoshonwa kwenye aproni. Tazama hizo mbele yako. Kumi na saba. Kumi na saba. Kumi na saba."

"Naziona."

"Fomu thelathini na sita, namba kumi na mbili tu, kila moja imeandikwa mara tatu. Maana yake amehoji watu kumi na wawili, zilizobaki kajijazia kwake, kakaa kwenye mkeka. Na hizo tatu zina wino mmoja, mkono mmoja uliotulia, hazina hata herufi iliyokatwa. Tarehe zinasema siku tatu tofauti! Halafu soma saa. Huyu kahojiwa Jumatano, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Mtu mwenye ajira anakutwaje nyumbani saa nne asubuhi ya Jumatano?"

Inspekta alikuwa anazisoma fomu kisanduku kwa kisanduku. Wa kwanza alikuwa na miaka hamsini, wa pili ishirini na nne, wa tatu thelathini na tano. Saa za kazi kwa wiki: kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Majina hayakuwepo.

"Majina yako wapi?"

"Hatuyaandiki. Watu wangetuambia ukweli vipi?"

"Na hii? Huyu mama wa miaka hamsini aliacha shule akiwa na miaka tisini na nane? Alichelewa kweli."

Kwa mara ya kwanza Daktari alicheka. "Hiyo ni alama yetu. Mdadisi haruhusiwi kuacha kisanduku kitupu. Mtu akisema sijui, anaandika tisini na nane."

Inspekta alizihesabu kwa ncha ya kalamu. Katika fomu tatu, tisini na nane zilikuwa kumi na moja. Miaka ishirini na mbili alikuwa amekaa na waghushi: wa leseni, wa vyeti vya kuzaliwa, wa hati za viwanja. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja, hakuna swali lililowashinda. Waghushi wa kusema "sijui" mara kumi na moja hakuwahi kuwakuta. Lakini hilo alilimeza.

"Nikitia sahihi hapa leo, kesho mama huyu yuko mahakamani kwa kughushi," alisema.

"Na jina lake linafutwa kwenye orodha ya wadadisi. Hata sensa hatapewa tena." Daktari alitazama mkoba wake. "Sifurahii, Inspekta. Lakini nikiziacha fomu hizi, utafiti wangu wote unachafuka."

"Usizime simu yako," Inspekta alisema, akachukua kofia.

*

Mama Pacha aliishi chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa kitambaa cha maua kilichotundikwa kwenye kamba. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mapacha wake wa miaka miwili, ambao mpaka Inspekta anakaa walikuwa wameshamvua kofia na kuanza kuigombania.

"Mwacheni babu, jamani! Samahani, baba. Hawa wakiona kofia wanadhani ni bakuli."

"Waache waendelee. Mama Pacha, nitakuuliza kitu kimoja, na nataka unijibu kama unavyowataka watu wakujibu wewe. Fomu tatu za namba kumi na saba uliziandika wapi?"

Mama alitazama mlango, kisha mikono yake. "Hapa. Kwenye kiti ulichokalia."

"Zote tatu?"

"Zote tatu, siku moja. Najua inavyosikika. Nimelala nayo wiki nzima."

"Kwa hiyo Daktari kasema kweli."

"Kasema alichokiona. Ngoja." Aliinuka, akapita nyuma ya kile kitambaa, na Inspekta akasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na bahasha iliyokakamaa. Ndani yake mlikuwa na fomu tatu zilizoshikamana kama chapati zilizolala, zimebadilika rangi, zinanuka maziwa yaliyochacha.

"Huyu wa kulia," alisema, akimwonyesha pacha mmoja kwa kidevu, "alimwaga kikombe kizima. Fomu zilikuwa juu ya rundo. Nilianika juani, wapi! Nikaona aibu kumpelekea Daktari uchafu huu. Yule akiona doa la chai kwenye karatasi anapandisha miwani. Basi nikanakili upya, kwa mwandiko wangu wa darasani."

Inspekta alizitenganisha kwa ncha ya kisu chake kidogo, bila haraka, dakika nzima kwa kila karatasi. Chini ya madoa yalikuwepo majibu yale yale. Ila hapa maandishi yalikuwa ya kalamu tatu, moja ya bluu, moja nyeusi na moja ya risasi. Kulikuwa na maneno yaliyokatwa, na pembeni mwa fomu moja Mama Pacha alikuwa ameandika: *anapika, nasubiri nusu saa*.

"Kwa nini hukumwonyesha?"

"Tulifundishwa siku ya kwanza kabisa: fomu hainakiliwi. Ikiharibika, unarudi kumhoji mtu upya. Nilivunja sheria, baba. Nikajua nikimwambia hilo moja, hataniamini mengine."

"Nani hao watatu? Nipe jina moja tu, niende nikamwulize."

Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Mama, kesho uko kizimbani."

"Niliwaambia, kila mmoja, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake: hata mume wangu hatajua umenijibu nini. Ndivyo walivyofungua mdomo. Leo nikutajie kwa sababu maji yamenifika mimi shingoni?" Alimnyang'anya pacha ile kofia, akaipangusa kwa khanga, akamrudishia Inspekta. "Nifunge tu. Ila walikuwa watatu. Niliwaona kwa macho haya."

Inspekta aliivaa kofia ikiwa na mate kidogo. Nje alisimama chini ya paa, akatoa daftari lake na kuandika hesabu ya darasa la pili: kumi na sita, na kumi na sita, na kumi na sita. Arobaini na nane. Akaitazama muda mrefu. Saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ilikuwa wiki nzima ya mtu mmoja.

*

Meneja wa kiwanda alikuwa mtu wa bashasha, tumbo mbele, kalamu nne mfukoni mwa shati.

"Karibu, mzee wangu, karibu! Hapa hatuna cha kuficha, tunashona sare za watoto." Alifungua daftari la wafanyakazi kabla hajaombwa. Majina mia moja ishirini na tatu, kila moja na sahihi au dole gumba lake. Inspekta alifunua kurasa zote. Hakuna sahihi iliyofanana na nyingine.

"Wote hawa wapo?"

"Wapo. Waite uwahesabu."

"Leo Jumanne. Mbona naona kama arobaini hivi?"

"Wengine wako mapumziko, wengine stoo, wengine..." Meneja alipunga mkono hewani. "Kiwanda ni kikubwa, mzee wangu."

Kiwanda hakikuwa kikubwa. Kilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye safu tatu za vyerehani, na mlio wake ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Inspekta alitembea polepole, mikono nyuma, akihesabu. Vyerehani arobaini na kimoja. Misumari ya kutundikia aproni ukutani, arobaini na mmoja, kila mmoja na namba yake kwa rangi nyekundu. Kwa shtaka la kughushi, hesabu ilikuwa inamtetea Daktari: namba arobaini na moja, watu arobaini na mmoja, basi Mama Pacha kaongeza.

Alikwenda kunywa maji. Karibu na tangi palikuwa na rafu ya mbao, na juu yake vikombe. Vya bati, vya plastiki, kimoja cha udongo kimevunjika mkono. Kila kikombe kilifungwa uzi wa rangi yake ili mwenyewe akijue. Inspekta alivihesabu, akapoteza hesabu kwenye themanini, akaanza upya.

"Kiu gani hiyo?" meneja alimtania.

"Vikombe vingi kwa watu arobaini."

"Wanawake hawa! Kila mmoja anataka viwili."

Huenda. Mkewe Inspekta alikuwa na vikombe vingi kuliko midomo ya nyumba nzima. Aliliacha hilo, akarudi kwenye safu ya kati, akasimama kwenye cherehani namba kumi na saba.

Mwanamke aliyekaa pale alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nywele zimeanza mvi kwenye masikio. Miaka hamsini, au karibu. Alikuwa anaunga ukosi na hakuinua macho. Kiti chake kilikuwa cha chuma, kisicho na mgongo, cha aina ile ya kuzungusha ili kipande au kishuke. Inspekta alijifanya kufunga kamba ya kiatu. Kwenye nguzo ya kiti palikuwa na mistari mitatu ya chaki: mmoja chini kabisa, mmoja katikati, mmoja juu sana.

"Hii chaki ya nini?" aliuliza alipoinuka.

Cherehani cha mwanamke kilisita, kisha kikaendelea.

"Fundi wa mashine," meneja alijibu haraka. "Akishapaka mafuta anapiga mstari. Mara tatu kwa mwaka."

Ilikuwa sababu nzuri, na mtu mwenye haraka angeichukua. Inspekta alifunga kiatu cha pili kwenye namba kumi na sita. Mistari mitatu, lakini yote imesongamana juu. Kwenye namba kumi na nane miwili ilikuwa chini, imekaribia kugusana, na mmoja juu. Alivikagua viti tisa, kila kimoja kina mistari mitatu, na hakuna vilivyolingana vipimo. Fundi anayepiga mstari wa mafuta hana sababu ya kubadili mahali. Kinachobadilika ni mtu na urefu wa miguu yake.

Na mstari uliokutana na ukingo wa kiti cha kumi na saba, pale alipokuwa amekaa yule mama mfupi, ulikuwa wa chini.

Inspekta alitoka mpaka getini, akapiga simu mbili. Ya kwanza kwa Daktari. Ya pili kwa Mama Pacha: "Njoo kiwandani. Mapacha waache kwa jirani. Na uje na kalamu yako."

*

Walifika saa saba, wakati wa mapumziko ya mchana, vyerehani vikiwa kimya. Wanawake walikuwa wamekaa hapo hapo kwenye viti vyao. Mama Pacha alipoingia aliinua macho kwenye dari na hakuyashusha tena, asije akamtazama mtu na kumtambulisha.

"Shingo itakuuma, mama," Inspekta alimnong'oneza.

"Iume."

Daktari alitazama saa yake. "Inspekta, nina hotuba ya kumalizia. Umemwona mhusika au hujamwona?"

"Nataka uketi tu. Mama, tafadhali, tuazime kiti chako dakika moja."

Mwanamke wa namba kumi na saba aliinuka, akasimama kando, kitambaa mkononi. Daktari alivuta kiti kwa uso wa mtu anayefanyiwa mzaha, akakaa. Magoti yake marefu yaligonga meza ya cherehani kwa chini, bobini mbili za uzi zikaanguka na kubingirika. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia kwa kiganja.

"Mbona kiko chini hivi?" Daktari alisema, akisugua goti.

"Mzee wangu, mashine hizi si za kuchezea," meneja alidakia. "Fundi wetu..."

"Pandisha mpaka mstari wa juu, Daktari."

Sauti ilikuwa ya yule mama mfupi. Ukumbi mzima ulimgeukia. Alikuwa anaiviringisha kona ya kitambaa kwa vidole viwili, lakini maneno yalitoka yamenyooka.

"Huo wa chini ni wangu, Jumatatu na Jumanne. Wa juu ni wa mwenzangu wa Jumatano na Alhamisi, ana miguu kama twiga, huyo ndiye mtakayelingana naye. Wa katikati ni wa Ijumaa na Jumamosi. Tunapiga chaki ili tusipoteze dakika kuzungusha."

"Mama!" meneja alisema.

"Huyu dada mnamsema kaghushi. Nimesikia kwa mlinzi wa getini. Alikaa kwangu saa nzima, kanisubiri mpaka nimalize kupika. Nimnyamazie?"

Meneja alikuwa ametoa kalamu moja mfukoni na kuirudisha mara mbili. "Hakuna sheria niliyovunja," alisema hatimaye, bila bashasha. "Mpango unasema mtu aliyeandikishwa. Hausemi saa ngapi. Nilikuwa na watu arobaini na mmoja wa wiki nzima. Nikagawa kila kazi vipande vitatu, nikaandikisha watu watatu. Nimemwibia nani? Kamuulizeni aliyeandika mpango."

"Na mshahara?" Inspekta aliuliza.

"Siku mbili, mshahara wa siku mbili."

Inspekta alikubali kwa kichwa. Hapo hapakuwa na mtu wa kufungwa, na alilijua hilo tangu alipokuwa kwenye kiatu cha pili. Alimgeukia Daktari. Yule bwana bado alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha chini, magoti pembeni, mkoba juu yake. Macho yake yalitembea kutoka kwenye chaki mpaka kwenye misumari ya aproni, kisha kwenye rafu ya vikombe.

"Namba ni ya cherehani," Daktari alisema taratibu. "Haikuwa ya mtu kabisa. Kompyuta iliuliza mtu mmoja anajirudiaje mara tatu, nami nikauliza vivyo hivyo." Alifungua mkoba, akatoa ripoti iliyojalidiwa kwa plastiki. "Alikutwa nyumbani Jumatano kwa sababu Jumatano hana kazi. Lilikuwa limeandikwa mbele yangu, nami nikalifanya ushahidi wa uongo."

"Niliharibu mwenyewe, Daktari," Mama Pacha alisema, macho bado darini. "Nilinakili tatu. Ziliingia maziwa. Sikukuambia."

"Zilizoharibika unazo?"

"Ninazo. Zinanuka."

"Nitaziambatisha hivyo hivyo." Alinyoosha mkono. "Naomba kalamu yako."

Mama Pacha alimpa bila kutazama. Daktari alifungua ukurasa wa tano, akapiga mstari juu ya mia moja ishirini na tatu, akaandika arobaini na moja. Akapiga mwingine juu ya maneno *mara tatu*. Akautazama ukurasa kama mtu aliyeshona suti nzima akagundua kipimo ni cha mtu mwingine. Baadaye alichukua fomu tupu, na chini kabisa, penye nafasi, akaongeza swali kwa mkono wake. Akairudisha fomu pamoja na kalamu.

Inspekta alilifungua faili juu ya cherehani namba kumi na nane, akaandika *hakuna kosa la jinai*, akatia sahihi na tarehe, na kusubiri wino ukauke kabla ya kufunga.

"Sasa shusha macho, Mama Pacha," alisema. "Mwenyewe kajitaja."

Mama Pacha alishusha macho. Wanawake wawili wakatazamana, wakacheka kidogo, wakiwa na machozi karibu. Kisha mdadisi alikaa kwenye kiti cha jirani, akaweka fomu magotini, akasoma swali jipya kwa sauti ile ile ya kazini.

"Kazi hii unagawana na watu wangapi?"

"Wawili."

Akaandika.

"Na mimi nina swali," mama mfupi alisema, akimgeukia Daktari. "Nimejibu lako, unijibu langu. Kesho ukishawaambia wakubwa wako kwamba hapa kazi ni arobaini na moja, mimi na wenzangu wawili, nani atabaki kwenye kiti hiki?"

Daktari alitazama ripoti yake, kurasa mia mbili na kumi na majedwali sitini, akaifunga.

"Sijui, mama."

Kengele ya kumaliza mapumziko ililia. Daktari aliinuka, akampisha mwenye kiti. Mama mfupi hakukaa mara moja. Alikuwa anamtazama Mama Pacha, aliyekuwa ameinamia fomu, kalamu juu ya mstari wa mwisho.

"Tisini na nane," Mama Pacha alisema, akaandika.